Ngozi Changa ya Chura wa Bwawani

Mwanangu Domitila,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu nakujua, hata barua huwezi kuifungua bila kuamkia kwanza. Nimeiweka chini ya karanga, na kwa jinsi unavyozipenda, nadhani utaikuta kabla lori halijafika Nyakahura.

Sitaandika habari za blanketi, wala dawa ya malaria, wala kukaa karibu na dereva. Hayo nimeyasema kwa mdomo mpaka mdogo wako ameyatungia wimbo. Ninataka kukuandikia habari za chura. Mama gani humwandikia binti yake anayekwenda Chuo Kikuu habari za chura? Mimi hapa. Na nikimaliza chura nitakuwa nimefika kwa Bibi yako, maana najua yeye ndiye aliyekufanya leo ubakize chakula sahanini. Tangu siku ile ya nywele anakujibu "eeh" na "hapana" tu, na wewe umeniambia jikoni, "Mama, nitapandaje lori na Bibi hajaniombea?" Sikukujibu. Nakujibu sasa, ila nivumilie, mimi ni mwalimu na njia yangu ni ndefu.

Unayakumbuka maji niliyoyachemsha? Mwaka ule redio ilikuwa ikitufundisha afya. Jioni watu walikusanyika shuleni kusikiliza: chimba choo, fyeka majani, chemsha maji. Mimi nilikuwa kiongozi wa kundi letu, na neno "chemsha" nililishika kwelikweli. Nilichemsha ya kunywa, nikachemsha ya kuoshea vyombo, nusura nichemshe na maji ya baraka ya Padri. Wewe ulikuwa darasa la saba, darasa langu, na siku hiyo ulikuja na mayai ya chura kutoka bwawani, ya yule chura bapa mwenye kucha nyeusi miguu ya nyuma, asiye na ulimi. Yalikuwa yamenata kwenye nyasi moja moja, madogo kama ulezi, upande mmoja meusi na upande wa pili meupe, kila yai ndani ya ute wake. Nikawaambia wanafunzi kwamba tutayalea kisayansi. Nikachemsha maji, nikayapoza, nikayachuja kwa kitambaa, nikayatia mayai chunguni, nikafunika kwa sahani na juu ya sahani nikaweka jiwe.

Kesho yake yalikuwa yamefifia yote, meupe pande zote mbili. Ukanyoosha mkono kwa adabu, ukasema, "Mwalimu, umeyaua kwa usafi."

Fimbo ilikuwa mezani, na walimu wa wakati ule hatukuwa wachoyo wa fimbo. Lakini ulikuwa umesema kweli tupu. Maji yakichemka hewa iliyomo hutoka, na kifuniko changu hakikuiachia nafasi ya kurudi. Somo hilo nililifundisha mwenyewe muhula uliotangulia, nikaliandika ubaoni kwa chaki ya rangi. Bidii ilikuwa imenipofusha. Ulirudi bwawani, ukaleta mengine pamoja na maji yake yale yale, majani yake, vidudu vyake, tope lake, na hukuyafunika. Hayo yakaishi, na mimi nikajua kwamba kila kinacholelewa kina maji yake. Nimejaribu kukulea hivyo. Siku nyingine nilishindwa nikachemsha, na wewe ukaniambia.

Haikupita muda ukaja jikoni mbio. "Mama, kinazunguka."

"Nini?"

"Kilichomo ndani ya yai. Hakina miguu. Mkia wenyewe ni kinundu tu na hautikisiki. Lakini kinazunguka."

Nikachukua kile kioo cha kukuzia nikaja kutazama. Kweli kilikuwa kikijigeuza polepole ndani ya ute wake. Nikasema ni upepo. Ukafunga madirisha. Nikasema basi ni nyayo za watu, zinatikisa sakafu. Ukakibeba chungu ukakiweka juu ya jabali nyuma ya shule, ukakaa nacho peke yako mpaka kengele ikagongwa. Kikazunguka. Nikasema, "Ni kazi ya Mungu."

Ukaniangalia kwa heshima yako yote. "Ndiyo Mama. Lakini anaifanyaje?"

Mpaka leo nikiwa peke yangu shambani hulikumbuka swali hilo nikacheka. Ubaoni nilikuwa nimeandika kwamba ngozi ni nguo ya mwili, kazi yake kufunika. Nguo gani hiyo inayomgeuza mwenye nguo?

Kisha tukahamishwa kuja huku barabarani. Hilo huhitaji kusimuliwa, ulikuwepo, lakini kuna kitu hukukiona kwa kuwa ulikwishapanda lori pamoja na kuku. Katibu wa kijiji alikuwa kijana mpole, sisemi uongo juu yake, hakumsukuma mtu. Alisimama mbele ya nyumba yetu ya kule mlimani akamwambia Bibi, "Bibi, twende. Barabarani kuna shule, kuna zahanati, bomba linakuja." Bibi akamwambia kwa Kihangaza kwamba bomba likija limfuate kule kule mlimani. Paa lilikuwa limeshaanza kushushwa upande mmoja. Mara Bibi akageuka akaingia ndani, nyasi zikimwangukia kichwani, akawa anapekua kwenye dari juu ya kitanda chake. Watu wakanong'ona kwamba mzee ana hela zake. Alitoka vumbi tupu, ameshika kitu akakitia kifuani, akapanda lori bila kushikwa mkono. Nilimuuliza ni nini. Akasema, "Si chako."

Huku barabarani mdogo wako ilimchukua wiki moja kuwa mtoto wa barabarani. Alijua majina ya madereva, alicheza na watoto ambao juzi hakuwajua, na ukimuuliza kwao wapi, anaonyesha hapa. Mimi nilichukua muda. Bibi hakuwa mtu wa hapa hata siku moja. Nyumba yetu iko mstarini kama nyingine, lakini yeye aliamka alfajiri akapanda mlima kupalilia migomba yake ya zamani, akarudi jua likiwa kali, na Katibu akajifunza kutomuuliza. Nilikuwa namwonea haya. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa ninaimba nyimbo za kijiji na wanafunzi, na mama mkwe wangu alikuwa akihama kila asubuhi kurudi tulikotoka. Nilidhani ni ukaidi.

Ni wewe na chura wako mlionifumbua macho. Ulirudi likizo kutoka sekondari, umekonda, unaongea bila kupumua. Mlikuwa mmepata hadubini. Ulikiweka kiluwiluwi ambacho ndio kwanza kimetoka yaini chini ya kioo chake, na mwalimu wenu akakuonyesha utie unga wa mkaa kidogo majini. Zile chembe za mkaa zikasombwa juu ya ngozi, zote zikielekea upande mmoja, toka kichwani kwenda mkiani. Ukatazama vizuri ukaona vinywele. Ulinichorea kwenye vumbi pale uani kwa kijiti: seli hii ina vinywele vingi, vinapiga maji kama makasia. Hizi zinazoizunguka hazina, zenyewe zinatoa ute. Hii ndogo hapa ina kazi nyingine.

"Basi ndiyo hiyo iliyokuwa ikikizungusha," nikasema.

"Ndiyo hiyo, Mama. Ngozi."

Nilifurahi, nikadhani tumemaliza. Kumbe wewe ndiyo kwanza unaanza. Ukasema seli hizo zote zimetoka upande ule mweusi wa yai, zilikuwa sawa, huwezi kuitofautisha moja na mwenzake, halafu zikagawana kazi. Na tazama, ukasema, zenye vinywele hazikai mbili pamoja. Zimetawanyika, kila moja na nafasi yake, nyingine katikati.

Nikaona nitoe mfano wa mwalimu. "Kama mabalozi wa nyumba kumi kumi," nikakwambia. "Kila kundi la nyumba na balozi wake."

Ukafikiri. Ukasema, "Mabalozi waliteuliwa kwenye mkutano, Mama. Hizi nani kaziteua? Zimejuaje kwamba jirani amekwisha kuichukua kazi?"

"Mwalimu wenu alisemaje?"

"Alisema hilo bado halijajulikana vizuri."

Ungeona uso wako. Mtoto mwingine akiambiwa jambo halijulikani huliacha akaenda kucheza. Wewe ulilipokea kama mtu aliyegawiwa shamba. Hapo, Domitila, kabla ya kidato cha sita, kabla ya kambi ya kujenga taifa, kabla ya barua ya Chuo, nilijua utaondoka. Nilijivuna mpaka nikaona aibu, nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Sasa nikuambie jambo la mwaka wa vita, ambalo hukulijua kwa kuwa ulikuwa shule. Baba yako alipoondoka na mgambo, magari ya jeshi yakipita hapa mbele ya nyumba usiku na mchana kuelekea kaskazini, nilijifungia. Nilifundisha, nikarudi, nikafunga mlango, nikawasha redio. Nilisikiliza taarifa ya habari na ilipoisha nikasubiri nyingine. Majirani walikuja kubisha nikawaambia nasahihisha madaftari. Nilijiona hodari sana. Maharage yangu yakasongwa na magugu mpaka huyaoni.

Asubuhi moja nikasikia majembe. Nikatoka, nikamkuta jirani yetu Mama Leokadia na wanawake wengine watatu wako katikati ya shamba langu, hawakuniita, hawakuniomba. Mama Leokadia alinyoosha mgongo akasema, "Mwarimu, redio haiparirii." Akaniletea jembe langu mwenyewe, alilitoa nyuma ya nyumba yangu. Tulilima mpaka saa sita. Mume wake naye alikuwa huko huko vitani, na mimi sikuwahi kumuuliza habari zake. Nilimuuliza siku hiyo.

Likizo iliyofuata ukatuambia mimi na Bibi habari za kipande cha ngozi ya chura. Kwamba wataalamu wameshakata ngozi ile changa kabisa, kabla haijaamua lolote, wakaiacha peke yake katika maji yenye chumvi kidogo. Haikufa. Ilijikunja ikawa kidonge, ikaota vinywele, ikawa inazunguka na kuzunguka. Haikuwa ubongo, haikuwa jicho, haikuwa kitu zaidi ya ngozi inayozunguka, kwa sababu haikuwa na jirani wa kuiambia neno. Nilikuwa nikipepeta, nikaacha. Nilijua nani huyo. Nilikuwa nimezunguka vizuri sana, na redio yangu, mpaka nilipoletewa jembe. Huko uendako wako watu wenye akili kukuzidi na wasiofikia yako, na wengine watakucheka unavyosema. Sitakufundisha namna ya kuishi nao. Nakuambia tu kwamba mimi nilijifungia, na nilichokipata ni magugu.

Ukaendelea kusema. Kipande hicho hicho ukikihamisha mapema, ukakipachika mahali panapotaka kuwa ubongo, kinakuwa ubongo pamoja na wenzake, hukijui tena. Lakini ukichelewa, kikawa kimekwisha kuamua, hata ukikipeleka wapi hakibadiliki. Kilichoamua kuwa ubongo kitakuwa ubongo huko huko ubavuni ulikokipachika.

Bibi alikuwa akimenya maharage, nilidhani hasikilizi. Akauliza, "Hicho kilichochelewa. Kinaumwa?"

"Hakiumwi, Bibi. Kinafanya kazi yake ya zamani mahali papya."

Akamenya maganda kadhaa. "Basi ndiye mimi," akasema, akacheka, na wewe ukacheka naye. Mimi sikucheka. Nilimtazama mama yule niliyekuwa nikimwonea haya kila alfajiri, nikaona kwamba hakuwa mkaidi hata kidogo. Mdogo wako alihamishwa mapema, yeye alihamishwa amekwisha kuamua, basi. Kesho yake niliamka naye tukapanda mlima. Hakuniuliza kwa nini. Alinipa kisu cha kukatia majani ya mgomba.

Na sasa siku ya nywele. Barua ya Chuo ilikuwa imeshakuja, baba yako ameshatuma neno kwa dereva kutoka ng'ambo ya mto, aliko bado na jeshi, "Mwambieni aende." Nyumba nzima ilikuwa na furaha. Ukamweleza Bibi jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwamba ngozi ile ni laini mno, kisu cha chuma kinaichana, na kwamba wanaoijua kazi hutengeneza kitanzi cha unywele wa mtoto mchanga na kukatia hicho. Mpaka hapo alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Halafu ukaongeza, "Bibi, mtoto mchanga wa Leokadia akinyolewa, niombee nywele zake."

Aliweka ungo chini. "Nywele za kwanza za mtoto wa watu, ukakatie igikere, chura wa bwawani?" Akaingia ndani.

Ulikosea, mwanangu, na ninavyoona hukuwa umejua kwamba unakosea, ndiyo maana sikukukaripia. Umekaa mabwenini miaka mingi. Kwetu nywele za siku ya kumtoa mtoto nje hazitupwi wala hazigawiwi. Bibi wa mtoto huzipokea kiganjani, akazihifadhi anakojua mwenyewe, na hata mama mzazi haulizi. Wewe uliziomba kama mtu anayeomba chumvi. Nilidhani amekasirikia chura. Wewe ulidhani amekasirikia Chuo, kwamba mjukuu wa kike anavuka nchi nzima kwenda kuchokoa vyura. Wote wawili hatukumjua.

Leo, ulipokuwa umekwenda kwa Mama Leokadia kuaga, aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani na kile kitu alichokitoa darini siku ya kuhama. Nilikitambua kwa umbo, ingawa sikuwahi kukiona wazi. Ni kipande cha kanga ya zamani, kimefungwa fundo. Akanifungulia.

"Za Domitila," akasema.

Ni nyuzi chache tu, mwanangu. Laini, nyembamba hata ukipumua zinaruka, na zimenyooka. Hazijajisokota kama zako za sasa, zilikuwa bado hazijaamua. Nyumba inabomolewa juu ya kichwa chake, watu wanasema ana hela, na alichorudia ni hizi.

Nikamuuliza kama amekukasirikia. Alinitazama kama alivyokuwa akitutazama sisi watu wa redio na maji ya kuchemsha. Akasema alikuwa akifikiri. Kwamba jambo la namna hii halitolewi kwa siku moja, na kwamba amezitunza akingoja uwe na nyumba yako akukabidhi, lakini ameona wewe nyumba yako ndiyo hiyo kazi. Kisha akafunga fundo, akaniwekea kitambaa mkononi, akasema:

"Mwambie aanze na za kwake. Za watoto wa watu asiziguse."

Basi hilo ndilo jibu la swali lako la jikoni. Alfajiri atakuwa barabarani, atajifanya anapita tu kwenda kwenye migomba yake. Atakuambia nenda salama na hatazidisha. Mimi pia sitasema kitu, maana ameniambia uambiwe ukiwa umeshaondoka, usije ukalia mbele ya dereva. Kitambaa kiko ndani ya mfuko huo huo wa karanga, chini kabisa, kwenye kopo la majani ya chai.

Nilikuwa na hofu, nakiri, kwamba mji utakuhamisha ukawa mtu nisiyemjua. Nimeandika mpaka hapa na hofu imekwisha. Wewe ulikwisha kuamua tangu siku uliyokaa na chungu juu ya jabali, na popote watakapokupachika utaendelea kuuliza anaifanyaje. Najivunia wewe, Domitila. Wanafunzi wangu wa sasa wanaandika kwamba ngozi inafunika, inahisi, na kwa wengine inapiga makasia, na wakiuliza nani kagundua nawaambia wako wengi, na mmoja alikuwa mwanafunzi wangu.

Siku utakapokata kipande chako cha kwanza kwa unywele huo na kukihamisha, tuandikie. Usingoje ufanye vizuri. Hata kikifa tuandikie. Nilipotoka chumbani Bibi alinirudisha kutoka mlangoni, akataka niliweke hilo mwisho ili usilisahau: anataka kujua kimekuwa nini.

Mimi mama yako,
Mwalimu wa yale maji yaliyochemka